Kabla ya kuuficha mshono: shajara ya mozaiki ya setilaiti

4 Februari

Kazi imeanza. Tunachotaka ni mozaiki, yaani picha moja iliyounganishwa kutoka nyingi, ya rangi halisi, yenye pikseli za mita 10, inayofunika eneo linalokaribia kilomita za mraba milioni moja karibu na ikweta. Ndani yake mna pwani, msitu mnene, safu ya milima, nyanda kavu za mashamba na ziwa kubwa. Watakaoitumia ni wa aina mbili. Wapo wanaohitaji ramani ya msingi ya kuwekea barabara na mipaka juu yake, na wapo wanaohitaji kupima: msitu umebaki kiasi gani, ardhi oevu inaishia wapi. Wale wa kwanza wanataka picha inayotulia machoni; hawa wengine wanataka namba zinazosema kweli. Mahitaji hayo mawili hayaendi pamoja kila mara, na nadhani mvutano wake ndio utakaoamua mambo mengi huko mbele. Ndiyo maana nauandika siku ya kwanza.

Tumechagua Sentinel-2, setilaiti za ESA, shirika la anga la Ulaya, za kupiga picha za ardhi. Setilaiti ya kwanza ya familia hiyo, 2A, ilirushwa Juni 2015, ikafuatwa na 2B Machi 2017 na 2C Septemba 2024. Zinazunguka kwenye kimo cha kilomita 786, kila moja ikipiga ukanda wenye upana wa kilomita 290, na mbili zikipokezana hurudi juu ya sehemu ileile kila baada ya siku 5. Zina bendi 13, kila bendi ikipima sehemu yake ya mwanga. Nne kati yake, yaani bluu, kijani, nyekundu na infraredi ya karibu (mwanga usioonekana kwa macho), zina pikseli za mita 10. Setilaiti za Marekani, Landsat 8 na 9, tutaziweka akiba kwa pale ambapo mawingu yametunyima kila kitu. Pikseli zake za rangi ni za mita 30, lakini ardhi inayoonekana kwa mita 30 ni bora kuliko wingu linaloonekana kwa mita 10.

Hesabu ya ukubwa nayo ifanywe mapema. Kilomita moja ya mraba ina pikseli 10,000. Eneo letu lote basi ni pikseli bilioni 10, na kwa bendi nne za biti 16 tunafika gigabaiti 80 kabla ya kubana, hapo ni zao la mwisho peke yake. Malighafi ni nyingi zaidi: kigae kimoja, yaani kipande cha mraba ambacho picha hugawiwa, kina pikseli 10,980 kwa 10,980, karibu megabaiti 241 kwa kila bendi, na kila kigae kinahitaji tarehe nyingi ili tupate siku za anga safi. Hatutapakua kila kitu. Faili zilizopangwa kwa muundo unaoruhusu kusoma kipande kimoja bila kufungua faili zima zitatuokoa hapa.

7 Februari

Leo nimesoma habari za waliotangulia. Landsat ya kwanza ilirushwa tarehe 23 Julai 1972, na kufikia 1974 wachoraji ramani wa idara ya kilimo ya Marekani walikuwa wameunganisha picha zake 595 za nyeusi na nyeupe kuwa ramani moja ya majimbo ya bara ya nchi hiyo. Mwaka 2007 ikatoka mozaiki ya Antaktika, iliyotokana na picha zaidi ya 1,000 za Landsat 7, kazi ya pamoja ya USGS (idara ya jiolojia ya Marekani), NASA, British Antarctic Survey na mfuko wa sayansi wa Marekani.

Lililonigusa kwenye kazi ya Antaktika ni kwamba walitoa matoleo zaidi ya moja. Lipo la uakisi (sehemu ya mwanga inayorudishwa na ardhi) wa biti 16, lililokusudiwa wapimaji, na yapo yaliyonyooshwa mwanga, yaani kupangwa upya giza na weupe wake, ili theluji isigeuke karatasi nyeupe machoni pa mtazamaji. Nimewaza sana juu ya hilo. Huenda nasi tukaishia hapo.

12 Februari

Tumeunganisha vigae vyote bila kurekebisha chochote, kwa makusudi. Nilitaka kuiona mishono yote, yaani mistari ya maungio, ikiwa wazi kabla ya mtu kuigusa. Amri ya kompyuta ya gdalbuildvrt inafaa sana kwa hili: haihamishi pikseli hata moja, inaandika tu faili dogo la maandishi linaloeleza picha ipi inakaa wapi, kisha QGIS, programu ya ramani, inalifungua kama picha moja.

Mishono iliyoonekana haifanani. Ipo iliyonyooka kabisa, inayofuata mipaka ya vigae kila kilomita 100, na kulifanya eneo lote lionekane kama ubao wa drafti. Ipo mirefu ya mshazari, inayoteremka kutoka kaskazini-mashariki kwenda kusini-magharibi sambamba na njia ya setilaiti. Na ipo isiyo na umbo maalumu, inayozunguka mahali mawingu yalipokatwa.

Umbo la mshono linataja chanzo chake. Mipaka ya vigae imechorwa na wanadamu, haipo angani wala ardhini, kwa hiyo mshono unaoifuata umetokana na usindikaji. Wa mshazari ni wa obiti, njia ya setilaiti angani: ama pembe ya kutazama ama tarehe. Usio na umbo ni wa hali ya hewa. Mimi na mwenzangu tumewekeana kanuni: hakuna kulainisha mshono wowote kabla ya kujua ulikotoka. Karibu kila programu ya mozaiki ina chaguo la kufifisha kingo, na ukilitumia mwanzoni unaondoa dalili huku ugonjwa ukibaki ndani ya namba.

14 Februari

Ubao wa drafti umepata maelezo. Tarehe 25 Januari 2022 ESA ilianza kutumia toleo la usindikaji namba 04.00, na tangu hapo thamani zote za pikseli zinahifadhiwa zikiwa zimeongezwa 1,000. Sababu ni nzuri: pikseli zenye giza sana zinaweza kushuka chini ya sifuri baada ya kusahihishwa, na bila nyongeza hiyo zingekatwa. Zamani uakisi ulipatikana kwa kugawanya thamani kwa 10,000; sasa unatoa 1,000 kwanza, ndipo unagawanya.

Anayechanganya picha za pande zote mbili bila kutoa nyongeza anaingiza tofauti ya uakisi wa 0.1. Msitu mnene huakisi takriban 0.02 hadi 0.03 ya mwanga mwekundu. Yaani kosa ni kubwa mara kadhaa kuliko kitu chenyewe kinachopimwa.

Kutazama tarehe ya picha hakutoshi. Hifadhi ya zamani imesindikwa upya, hivyo picha ileile ya 2019 inaweza kupatikana ikiwa na nyongeza au haina, na baadhi ya wasambazaji huiondoa wenyewe kabla ya kuweka faili kwenye seva. Sasa tunasoma kipengele cha BOA_ADD_OFFSET kwenye metadata (maelezo yanayoambatana) ya kila faili, halafu tunakihakiki kwa macho: maji yenye kina kirefu kwenye bendi ya infraredi yanapaswa kukaa jirani na sifuri. Yakikaa jirani na 1,000, nyongeza bado imo.

Baada ya marekebisho hayo mipaka ya vigae imetoweka karibu yote. Michache iliyobaki ilitokana na QGIS kuipa kila picha kiwango chake cha mwanga, tatizo la maonyesho tu. Kunyoosha mwanga kutafanyika mara moja, mwishoni, kwa kipimo kimoja cha eneo lote.

20 Februari

Mawingu. Hapa ndipo muda mwingi unakwenda, na ni haki uende.

Picha zilizosahihishwa angahewa huja na ramani ya madaraja, kuanzia 0 hadi 11, kwa pikseli za mita 20: mimea, udongo mtupu, maji, kivuli cha wingu, wingu la uhakika wa kati, wingu la uhakika mkubwa, wingu jembamba la juu, theluji na mengineyo. Ni msaada mkubwa, lakini si wa kuaminiwa kwa macho yaliyofumbwa. Mchanga mweupe wa pwani na mapaa ya mabati huhesabiwa mawingu. Utando mwembamba wa moshi huachwa upite. Kingo za mawingu hukatwa karibu mno, zikabaki pete za weupe hafifu.

Kosa la mapaa lina madhara makubwa kuliko linavyoonekana. Paa halihami. Likikataliwa tarehe ya kwanza litakataliwa na ya pili na ya tatu, mwisho katikati ya mji panabaki shimo lisilo na tarehe hata moja halali. Dawa tuliyoiweka inategemea tabia ya mawingu yenyewe: kwa kila pikseli tunahesabu ni mara ngapi imeitwa wingu katika msimu mzima. Inayoitwa wingu karibu kila tarehe, ilhali jirani zake zina siku safi, inarudishwa.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kwa uzuri wake. Bendi za Sentinel-2 hazitazami sehemu moja kwa wakati mmoja. Zinapishana kidogo sana kwa muda na kwa pembe. Kilichoko ardhini hupangwa mahali pake kwa usahihi, lakini kilichoko juu huonekana kimesogea kati ya bendi na bendi. Ndiyo sababu ndege angani hutokea kwenye picha kama nakala tatu za rangi tofauti. Ukilinganisha bendi za infraredi 7, 8 na 8A, wingu linajifichua kwa kusogea, na jengo linabaki limetulia. Kwa miji hili limefanya kazi kuliko kipimo chochote cha weupe.

Mawingu membamba ya juu yana bendi yao, namba 10, kwenye nanomita 1,375. Katika urefu huo wa mawimbi mvuke wa maji hufyonza mwanga kwa nguvu, hivyo mwanga wa ardhini haufiki kwenye setilaiti, kinaonekana kile tu kilichoelea juu ya mvuke. Kwenye vilele virefu, ambako hewa ni kavu, ardhi inaweza kupenya na kuonekana kama wingu. Kwa hiyo milimani tunatumia kizingiti kingine.

Vivuli tunavitafuta kwa jiometri: tunajua jua lilikuwa upande gani na pembe gani, hatujui kimo cha wingu, basi tunatelezesha umbo la wingu kwenye mstari wa jua kwa vimo mbalimbali hadi likutane na doa la giza linalolingana nalo. Kisha kinyago chote (ramani ya pikseli zinazokataliwa), cha wingu na cha kivuli, tunakipanua kwa mita mia kadhaa. Tunapoteza pikseli nzuri, lakini nimeona heri kupoteza pikseli nzuri pembeni kuliko kubakiza mbaya.

27 Februari

Tukishapata tarehe safi kadhaa kwa kila pikseli, swali linakuwa tuchukue ipi. Njia ya zamani, iliyotumika sana kwa picha za setilaiti za hali ya hewa tangu miaka ya 1980, ni kuchagua siku yenye kijani kingi zaidi. Inaepuka mawingu vizuri, lakini inalipendelea jani kila mahali: mashamba yote yanaonekana kama yako kwenye kilele cha msimu, na kwenye maji inachagua ovyo.

Mediani, yaani thamani ya katikati baada ya kuzipanga kwa ukubwa, inavumilia wingu moja moja lililoponyoka. Shida yake ni kwamba inahesabiwa bendi kwa bendi. Nyekundu inaweza kutoka tarehe moja na infraredi kutoka tarehe nyingine, ukapata pikseli yenye mchanganyiko ambao haukuwahi kuwapo ardhini siku yoyote. Kwa ramani ya ukutani si neno. Kwa anayepima mimea kwa uwiano wa bendi hizo mbili ni tatizo.

Tumechagua medoidi: kwa kila pikseli tunatafuta ile tarehe ambayo, bendi zote zikitazamwa pamoja, jumla ya umbali wake na tarehe nyingine ndiyo ndogo kuliko zote. Jibu ni pikseli halisi ya siku halisi. Faida yake kubwa ni kwamba inabaki na tarehe, na tunaweza kuihifadhi tarehe hiyo kama bendi ya tano. Ni nzito kukokotoa, na mahali penye tarehe chache huchagua kwa madoadoa, jirani huyu Januari na yule Machi. Mwenzangu anapendekeza tuongeze uzito mdogo kwa tarehe iliyochaguliwa na majirani. Nakubaliana naye.

5 Machi

Siku nzuri. Mishono ya mshazari imeeleweka, na maelezo yake ni mazuri kuliko nilivyotarajia.

Sentinel-2 hupita karibu saa 4:30 asubuhi kwa saa za jua za mahali husika. Jua liko mashariki. Upande wa magharibi wa ukanda wa kilomita 290, setilaiti inatazama kuelekea magharibi huku jua likiwa nyuma yake. Inaona nyuso za majani zilizomulikwa, vivuli vikiwa vimejificha nyuma ya mimea. Upande wa mashariki inatazama kuelekea jua, na vivuli vya miti vinaigeukia. Msitu uleule, siku ileile, unang'aa magharibi mwa ukanda na kufifia mashariki mwake. Mabadiliko hayo hayaonekani ndani ya ukanda kwa sababu ni ya polepole. Yanaonekana pale ukanda mmoja unapokutana na jirani yake: mwisho wa mashariki wa huu, wenye giza, umegusana na mwanzo wa magharibi wa ule, wenye mwanga.

Kwenye ziwa mambo yanageuka. Maji hayana majani wala vivuli. Yana mawimbi madogo yanayofanya kazi ya kioo. Anayetazama kuelekea jua, yaani upande wa mashariki wa ukanda, ndiye anayepata mmetameto. Kwa hiyo mshono uleule unaoonekana nchi kavu ukiwa na giza magharibi na mwanga mashariki, ukivuka ufuko na kuingia ziwani unabadilisha pande: mwanga magharibi, giza mashariki. Niliona ugeukaji huo jana usiku nikadhani ni hitilafu ya faili. Leo, baada ya kuchora pembe za jua na za setilaiti kwenye karatasi, kila kitu kimekaa mahali pake.

Maana yake kwa kazi ni kwamba hakuna kizidishi kimoja kitakachoponya mshono huo. Ukiupandishia msitu mwanga unaharibu ziwa. Ndipo nilipoona thamani ya kanuni ya 12 Februari, maana ulainishaji wa kingo ungefanikiwa kuficha yote mawili kwa pamoja, na mpimaji wa msitu angebaki na ukanda wa kilomita nyingi wenye namba za uongo pande zote.

Kwa nchi kavu tunatumia usahihisho wa pembe uliochapishwa kwa Landsat mwaka 2016 kisha ukapanuliwa kwa Sentinel-2: modeli ya hisabati inayoeleza uakisi unavyobadilika kwa pembe, ikiwa na vigawo vilevile kwa dunia nzima, inatupa uwiano kati ya uakisi wa pembe iliyopimwa na ule ambao ungepimwa kwa kutazama chini moja kwa moja. Unazidisha kwa uwiano huo, basi. Si kamili kwa kila aina ya uoto, lakini ni thabiti, na uthabiti ndio unaohitajika kwenye eneo kubwa.

Kwa maji tunaacha usahihisho huo kabisa. Tunatumia bendi ya 11, ya infraredi ya mawimbi mafupi, ambako maji safi hufyonza karibu mwanga wote. Kinachorudi kutoka huko juu ya ziwa ni mmetameto, na kutokana nacho tunakadiria wa kutolewa kwenye bluu, kijani na nyekundu. Pale ulipozidi sana tunaikataa tarehe.

9 Machi

Projeksheni, yaani namna ya kuilaza dunia ya mviringo kwenye ramani bapa. Vigae huja katika kanda za UTM, mfumo wa kuigawa dunia kwa longitudo, kila moja ikiwa na upana wa digrii 6, na eneo letu limekalia mbili. Mpakani gridi za kanda hizo zimeelekeana kwa pembe, pikseli hazilingani. Tumehamia projeksheni moja inayohifadhi ukubwa wa eneo, kitovu chake katikati ya mozaiki, na kila picha inahamishwa mara moja tu, kutoka faili asili hadi gridi ya mwisho. Kila uhamisho wa pikseli hulainisha picha kidogo. Ukifanya mara tatu umeshapoteza barabara nyembamba. Kwa bendi za rangi tunatumia ukokotozi wa kubiki, unaochanganya pikseli za jirani; kwa vinyago na tarehe tunachukua thamani ya jirani wa karibu zaidi, maana wastani wa Januari na Machi si Februari.

16 Machi

Baada ya usahihisho wa pembe zimebaki tofauti ndogo kati ya obiti, hasa kwenye bluu. Hewa hutawanya mawimbi mafupi zaidi, na masalia ya vumbi na moshi huonekana huko kwanza. Hizi tunazisawazisha kwa kuipa kila picha kizidishi kimoja na kiongezi kimoja, zote zikitafutwa kwa pamoja ili mahali picha mbili zinapolaliana zitoe namba zinazokaribiana kadiri iwezekanavyo.

Hatari ya mfumo huu ni kupepesuka. Picha ya kwanza inarekebishwa ifanane na ya pili, ya pili na ya tatu, na kosa dogo linasafiri na kukua hadi upande wa pili wa eneo umekuwa na wekundu usiokuwapo. Karibu na ikweta ukanda mmoja na jirani yake hulaliana kidogo kuliko kwenye latitudo za juu, kwa hiyo mnyororo wenyewe ni dhaifu. Tumeutia nanga kwa MODIS, kamera ya setilaiti za NASA: uakisi wake wa pikseli za mita 500, ambao tayari umesahihishwa kwa pembe, hauna undani kwa macho lakini ni sawia kwa maeneo makubwa. Kila picha yetu, ikipunguzwa hadi mita 500, inavutwa kidogo kuelekea huko.

Mashamba tumeyaondoa kwenye hesabu ya usawazishaji. Tofauti iliyopo shambani kati ya tarehe mbili inaweza kuwa ya kweli. Tunategemea miamba, miji na msitu wa kudumu, vitu visivyobadilika kwa wiki chache.

22 Machi

Sasa, na ni sasa tu, tunagusa mishono yenyewe. Mstari wa kukatia kati ya ukanda na ukanda hautakuwa umenyooka. Ndani ya sehemu ya kulaliana tunatafuta njia ambayo tofauti za picha mbili ni ndogo zaidi, kwa algorithimu ya njia fupi aliyoichapisha Edsger Dijkstra mwaka 1959, gharama ya kila hatua ikiwa ni tofauti ya rangi. Mstari unajipindisha wenyewe: unazunguka mashamba badala ya kuyakata, unapenda kufuata msitu sare, unavuka mto mahali pembamba.

Kisha kuchanganya, kwa njia ya piramidi ya Burt na Adelson ya 1983. Picha inagawanywa katika tabaka za mabadiliko mapana na tabaka za mabadiliko madogo. Mapana yanachanganywa kwenye eneo pana, madogo kwenye eneo jembamba karibu na mstari. Kwa hiyo rangi inahama taratibu lakini barabara haipati pacha hafifu. Tofauti tunazochanganya sasa ni ndogo kiasi kwamba piramidi haina kazi kubwa. Hivyo ndivyo nilivyotaka.

30 Machi

Umebaki mshono mmoja mkali, kwenye nyanda za mashamba, na tumebishana juu yake kwa muda mrefu. Upande mmoja ni kijani, mwingine ni rangi ya udongo. Nyongeza ya 1,000 iko sawa, pembe zimesahihishwa, mawingu hayapo. Bendi ya tarehe inaeleza: obiti ya magharibi ilipata anga safi kabla ya mavuno, ya mashariki baada ya mavuno. Picha zote mbili zinasema kweli.

Mtu aliyeagiza ramani ya msingi anataka uondoke. Namwelewa, jicho linakwenda pale kwanza. Lakini kusawazisha rangi hapo kungekuwa kuandika mimea mahali ambapo palikuwa na mabua, au kufuta mazao yaliyokuwapo. Hilo sitaki lifanyike kwenye namba ambazo mtu atazipima.

Tumejaribu kwanza kusogeza dirisha la tarehe. Tulipolifinya lianze baada ya mavuno pande zote mbili, sehemu kubwa ya mshono imeondoka kwa haki, kwa sababu tumelinganisha wakati na wakati. Gharama yake ni kwamba upande wa magharibi umebaki na tarehe chache, na vipande kadhaa vimejazwa na Landsat. Kipande kidogo ambako hakuna tarehe inayolingana kimebaki na mshono wake.

Hapo tumefuata mfano wa Antaktika: matoleo mawili. La uakisi, la biti 16, lenye mstari wa kukatia usio na mchanganyo wowote wa piramidi, likiwa na mshono huo wazi. La kutazama, la biti 8, lililochanganywa na kunyooshwa mwanga, ambako mpito umetawanywa kwenye eneo pana. Maelezo yanasema waziwazi kwamba toleo la pili si la kupimia.

6 Aprili

Tumekabidhi. Toleo la uakisi lina bendi nne za rangi, bendi ya tarehe, bendi inayotaja setilaiti iliyotoa kila pikseli, na nyingine inayosema ni tarehe ngapi safi zilikuwapo hapo. Hiyo ya mwisho imekuwa kipenzi changu. Milimani inashuka hadi moja, na mtu akiona namba hiyo anajua kwamba pikseli haikuchaguliwa; ilikuwa peke yake. Toleo la kutazama limepewa nakala ndogo za ndani kwa ajili ya kukuza na kupunguza, ili eneo lote lifunguke haraka bila kusoma pikseli bilioni 10.

Mpimaji wa kwanza ameshauliza kwa nini kuna mstari kwenye nyanda za mashamba. Nimemwelekeza kwenye bendi ya tarehe, akajibu kwamba ataitumia kutenganisha mashamba yaliyovunwa na yasiyovunwa, kazi ambayo alikuwa amepanga kuagizia picha nyingine.

Kwa toleo lijalo yamebaki mawili. La kwanza ni mmetameto wa ziwa kwenye ghuba zenye matope, ambako bendi ya 11 haitoshi kwa sababu tope nalo huakisi. La pili ni mteremko wa milima unaotazama magharibi, ambao saa 4:30 asubuhi huwa kivulini. Unahitaji modeli ya mwinuko na usahihisho wake wa mwanga, na huo tutaanza kuujaribu kwenye vigae vya safu ya kusini.